Samaki wa mapambo: andaa maji kwanza, samaki wanunuliwe mwisho

Mfugaji mpya akiona samaki wake wanakufa mmoja baada ya mwingine katika wiki za mwanzo, hukimbilia dawa. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa wowote. Tangi, chujio na samaki vilinunuliwa siku moja, vikawekwa pamoja siku hiyohiyo, na samaki wakaanza kuishi ndani ya uchafu wao wenyewe.

Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, saa zote, sehemu kubwa kupitia matamvua. Ziwani amonia hiyo hupotelea kwenye maji mengi, lakini kwenye lita 60 haina pa kwenda. Iwe unafuga ndani ya kioo sebuleni au bwawani nyuma ya nyumba, karibu kila utakachofanya kinahusu amonia: kuizuia isiwe nyingi, kuigeuza, au kuitoa. Ndiyo maana katika mwongozo huu kununua samaki kumewekwa mbali sana kutoka mwanzo.

Hatua ya 1: Chagua samaki, lakini usiwanunue bado

Samaki ndiye anayeamua chombo. Ukinunua tangi kwanza kwa sababu limekupendeza, utaishia kuwabana samaki wasiolitosha. Kumbuka pia kwamba huyo wa sentimita 4 unayemwona dukani mara nyingi ni mtoto.

Samaki wa dhahabu ndiye anayeonewa kuliko wote. Huwekwa kwenye bakuli la kioo la mviringo, hufa kabla ya mwaka kuisha, na mwenyewe akaamini kuwa ndivyo umri wake ulivyo. Akitunzwa vizuri hufikisha miaka 10 hadi 20. Wenye mwili mrefu hukua hadi sentimita 20 na zaidi, na hao nashauri waende bwawani moja kwa moja. Wenye tumbo la duara na mkia uliogawanyika wanaweza kukaa tangini: lita 80 kwa wawili, na 40 nyingine kwa kila anayeongezeka. Wanakula sana na wanachafua sana, kwa hiyo usijidanganye kwamba ni samaki wa kuanzia kwa sababu tu ni maarufu.

Koi ni wa bwawani tu. Hufika sentimita 60 na kupita, na huishi miongo kadhaa. Kiwango cha chini ninachokikubali ni lita 1,000 kwa kila koi, kwenye bwawa lenye kina cha mita moja kwenda juu.

Kwa tangi la kwanza la lita 60 hivi, gapi na plati ndio wanaosamehe makosa mengi. Huzaa watoto hai kila baada ya wiki nne hivi, na jike la gapi huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi. Jike uliyemnunua peke yake anaweza kuzaa mara kadhaa bila dume kuonekana tangini. Asiyetaka kujaa watoto achukue madume watupu.

Tetra neon wanapendeza, ila wanataka kundi la sita au zaidi, joto la nyuzi 22 hadi 26, na tangi lililokwisha kukomaa (tazama hatua ya 6). Waingie baadaye. Beta, yule samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, ana kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, na hapo ndipo ulipozaliwa uvumi kwamba anaweza kuishi kwenye glasi. Kupumua atapumua, lakini amonia yake bado imo humohumo. Mpe lita 20, maji ya nyuzi 24 hadi 28, chujio lenye mkondo mpole, na dume mmoja tu kwa tangi. Mbuna, wale sikilidi wa Ziwa Nyasa wenye rangi kali, wanataka maji magumu (yenye madini mengi) yenye pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ya 7.8 hadi 8.6, mawe mengi ya kujifichia na tangi la lita 200 au zaidi. Ni wagomvi, basi usiwachanganye na tetra hata siku moja.

Neno moja kuhusu pleko, anayeuzwa kwa sifa ya kusafisha tangi: aina ya kawaida hufika sentimita 30 na kuendelea, na kinyesi anachoacha ni kingi kuliko mwani anaokula.

Hatua ya 2: Tangi na mahali pa kuliweka

Ujazo wa tangi kwa lita ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 hubeba karibu lita 65. Lita moja ya maji ni kilo moja, na hapo hujahesabu kioo, changarawe na mawe. Meza ya kawaida haikuundwa kwa mzigo wa namna hiyo usioondoka. Tumia stendi imara, ipime kwa pima maji (kifaa cha kupimia usawa), na chini ya tangi tandika sponji nyembamba isipokuwa kama tangi lina fremu yake ya kitako. Kioo kikiegemea upande mmoja hupasuka bila taarifa.

Likae mbali na dirisha linaloingiza jua. Jua hupandisha joto mchana, kisha usiku joto hushuka, na jua hilo huotesha mwani. Kati ya tangi refu la kwenda juu na tangi refu la kwenda pembeni lenye ujazo uleule, chukua la pembeni: hewa huingia majini kupitia uso wa maji, na samaki huogelea zaidi kwenda mbele kuliko kwenda juu.

Kila waya wa umeme uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji linaloteremka na waya lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Na uchomoe hita kabla ya kupunguza maji; hita iliyowaka nje ya maji hupasuka.

Hatua ya 3: Au bwawa

Unayetaka tangi tu, ruka hadi hatua ya 4.

Bwawa liwe mahali panapopata jua kiasi na kivuli wakati wa jua kali, mbali na miti. Majani yanayoangukia humo huoza, na kuoza ni amonia nyingine. Pia lisiwe sehemu ya chini kabisa ya uwanja, kwa sababu mvua itakuletea tope, mbolea na dawa za bustani.

Kina kwa samaki wa dhahabu kiwe angalau sentimita 60, na kwa koi mita 1 hadi 1.5. Bwawa la kina kifupi hupata moto upesi na kupoa upesi, na ndege wanaokula samaki hulisimamia kwa miguu yao tu. Kuta zikisimama wima, korongo hapati pa kukanyaga.

Tuseme unachimba la mita 3 kwa 2 lenye kina cha mita 1.2. Hizo ni lita 7,200. Ukubwa wa turubai la bwawa hupatikana hivi: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha sentimita 60 za kukunjia kingo. Yaani 3 + 2.4 + 0.6, mita 6. Na upande wa pili 2 + 2.4 + 0.6, mita 5. Ondoa mawe na mizizi yote yenye ncha, mwaga mchanga laini, tandika zulia kuukuu, ndipo turubai lije juu. Hakikisha kingo zote ziko usawa mmoja kwa pima maji. Maji hayadanganyiki: upande ulio chini sentimita mbili utaonekana kila siku ya maisha ya bwawa hilo.

Ukijenga kwa saruji, jiandae kusubiri. Saruji mpya hutoa chokaa na kupandisha pH mpaka samaki huungua matamvua. Jaza maji, yaache wiki moja, yamwage, jaza tena. Rudia mpaka maji yaliyokaa siku kadhaa yasome pH chini ya 8.5. Wengine hupaka rangi maalumu ya mabwawa, ambayo husaidia, lakini soma maelezo yake uone kama ni salama kwa samaki; viziba maji vingine vya ujenzi vina sumu.

Pampu iweze kupitisha maji yote ya bwawa kwenye chujio angalau mara moja kila saa mbili. Kwa lita 7,200 hiyo ni lita 3,600 kwa saa. Tahadhari: namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyopandisha maji kabisa. Maji yakipanda mita moja na nusu hadi kwenye chujio, kiasi hicho hupungua sana, kwa hiyo angalia jedwali la pampu kwa kimo chako.

Weka bomba la kufurikia lenye wavu, la sivyo mvua kubwa itatoka na samaki. Funika kwa wavu kama kuna mdiria au korongo karibu. Na kama kuna mtoto mdogo nyumbani au kwa jirani, bwawa liwe na uzio au kimia cha chuma chini kidogo ya uso wa maji. Hili halina mjadala.

Hatua ya 4: Chujio na hewa

Kwa tangi dogo sioni sababu ya kununua kitu cha gharama. Chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa linafanya kazi nzuri, halimezi vifaranga, na halina cha kuharibika. Kwa machujio ya umeme, tafuta yanayozungusha maji yote ya tangi mara nne hadi tano kwa saa.

Pampu ya hewa ikikaa chini ya usawa wa maji, funga vali ya njia moja kwenye mpira. Umeme ukikatika, maji hurudi nyuma kupitia mpira huo na kumwagika kwenye pampu, kisha sakafuni. Ni kipande kidogo cha plastiki ambacho watu hukiacha dukani.

Hita: wati 1 kwa kila lita inatosha kwa samaki wa maji ya vuguvugu. Samaki wa dhahabu hahitaji. Nyuzi 18 hadi 24 zinamtosha. Kipimajoto weka hata kama hita yako ina themostati (kifaa cha kuizima joto likitosha), maana themostati hukwama. Taa saa 6 hadi 8 kwa siku, usizidishe.

Hatua ya 5: Jaza maji na uyatoe klorini

Maji ya bomba yana klorini, nayo huua samaki na pia wale bakteria ambao tunataka kuwaotesha. Maji yakiachwa kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48, bora zaidi yakipigwa hewa, klorini hutoka. Lakini mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), na hiyo haitoki kwa kusubiri. Waulize wanaokuletea maji. Kama ni kloramini, au hujui, tumia dawa ya kuondoa klorini inayosema wazi kwamba inashughulikia kloramini pia.

Osha changarawe kwa maji matupu mpaka yatoke meupe. Sabuni isiguse chochote, na ndoo ya samaki isifuliwe nguo.

Hatua ya 6: Komaza maji

Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji, changarawe na kila kilicho ndani ya maji. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: huingia kwenye damu, huigeuza rangi ya kahawia na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hivyo samaki hutweta juu ya maji hata pampu ikiwa inatoa mapovu tele. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo, na ambayo wewe huiondoa kwa kubadilisha maji. Makundi haya hayauzwi pamoja na tangi. Huja yenyewe na kuongezeka polepole, kwa kawaida wiki nne hadi sita, na hayaongezeki bila chakula. Chakula chao ni amonia. Kuwasha chujio mwezi mzima kwenye maji matupu hakukomazi kitu.

Basi walishe bila samaki. Njia safi ni amonia tupu isiyo na manukato wala sabuni (itikise chupa, ikitoa povu linalokaa, iache), tone kwa tone mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Usipoipata, tupia chakula cha samaki kidogo kila siku mbili kioze. Kinanuka, hakipimiki vizuri, lakini kinafika. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28, chujio lisizimwe usiku wala mchana.

Nunua vipimo vya matone. Vile vya karatasi navitumia kwa haraka tu. Unachota mililita 5 za maji kwenye kichupa, unadondosha matone kwa idadi iliyoandikwa, unatikisa, unasubiri dakika tano, kisha unakilinganisha na kadi ya rangi mbele ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana. Kwa vipimo vingi vya amonia, njano ni sifuri na kijani ni tatizo. Cha nitriti huanza buluu na kwenda zambarau. Siku za mwanzo kijani hakibanduki. Baada ya wiki moja au mbili zambarau hutokea, wakati kijani kinafifia. Kipindi cha zambarau ndicho kirefu zaidi na ndicho kinachochosha watu, wengi wakaleta samaki hapo. Ngoja. Maji yamekomaa pale unapotia amonia hadi miligramu 2 kwa lita na baada ya saa 24 amonia inasoma 0 na nitriti inasoma 0. Siku hiyo badilisha nusu ya maji au zaidi kupunguza nitrati iliyojikusanya, ndipo uende kununua samaki.

Njia ya mkato ya kweli ni moja: sponji ya zamani kutoka kwa tangi lenye samaki wazima. Rafiki akikupa kipande, kisafirishe kikiwa kimelowa, kiingie kwenye chujio lako siku hiyohiyo, na muda wa kusubiri unaweza kupungua hadi siku chache. Lakini ugonjwa wa tangi lake nao utakuja, kwa hiyo chagua rafiki.

Jambo moja kuhusu pH, kwa kuwa linahusiana na hili. Amonia hukaa majini kwa sura mbili, moja ikiwa sumu kali kuliko nyingine. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ile ya sumu kali huongezeka karibu mara 10. Ndiyo maana kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuvumilika kwenye tangi la tetra na kuua kwenye tangi la mbuna. Zaidi ya hapo, usihangaike kurekebisha pH kwa kemikali. Samaki wengi huzoea pH iliyotulia. Kinachowaumiza ni ya kupanda na kushuka.

Hatua ya 7: Sasa samaki

Wachache kwanza. Kwenye lita 60, gapi watatu au wanne, kisha subiri wiki mbili na upime kabla ya kuongeza. Bakteria waliopo wanatosha chakula kilichopo. Ukileta samaki 15 mara moja, amonia itawatangulia.

Dukani usimtazame unayempenda tu, tazama tangi zima. Akiwemo mmoja aliyekufa, aliyebana mapezi au anayejikwaruza kwenye mawe, ondoka. Mwombe muuzaji awalishe mbele yako; samaki mzima hukimbilia chakula.

Ukifika nyumbani zima taa, uache mfuko uliofungwa uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Fungua, ongeza nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika tano kwa karibu nusu saa, kisha wahamishe kwa wavu mdogo. Maji ya mfuko yamwage kwingine. Kama samaki wamesafiri saa nyingi ndani ya mfuko, usiuchelewe baada ya kuufungua: kaboni dioksidi iliyojikusanya hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imetulia humo hugeuka kali. Hapo linganisha joto, fungua, uwatoe upesi.

Mwenye tangi la pili, hata beseni la plastiki lenye sponji iliyokomaa, awatenge wapya wiki mbili hadi nne. Kwa mwenye koi sitasema "akiweza". Awatenge.

Hatua ya 8: Kulisha

Kiasi wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Kilichobaki kitoe. Samaki atakuja mbele ya kioo kila ukipita, na hilo si dalili ya njaa; amekujua tu. Samaki wa dhahabu na koi hawana tumbo halisi la kuhifadhi chakula, kwa hiyo kidogo mara kadhaa ni bora kuliko kingi mara moja. Chakula cha punje kilowekwe kabla ya kuwapa samaki wa dhahabu wenye tumbo la duara, na njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda huwafaa. Maji ya bwawa yakishuka chini ya nyuzi 10, koi wasilishwe kabisa.

Ukisafiri wikendi, samaki wazima wakubwa hawahitaji mtu wa kuwalisha. Jirani mwenye huruma na kopo la chakula ni hatari zaidi kuliko njaa ya siku mbili.

Hatua ya 9: Kila wiki

Toa robo ya maji kwa mpira wa kufyonza, ukiuchomeka kwenye changarawe ili kinyesi kipande na maji. Rudisha maji yasiyo na klorini yenye joto linalokaribiana. Kuongeza yaliyokauka si kubadilisha maji: kinachokauka ni maji matupu, nitrati na chumvi zote hubaki. Lengo ni amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya miligramu 40 kwa lita.

Sponji ikianza kupitisha maji kwa shida, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Itatoka tope la kahawia linalotia kinyaa. Ikamue mara mbili tatu, mkondo ukirudi acha. Usiioshe bombani mpaka ing'ae, klorini itaua bakteria wote uliowasubiri wiki sita na samaki wako watarudi mwanzo pamoja nawe. Chujio likiwa na sponji mbili, zibadilishe kwa zamu.

Maji ya bwawa yakigeuka kijani, usiyamwage yote. Mwani ule mwembamba huishi kwa mwanga na nitrati. Maji mapya yenye jua lilelile yatakuwa kijani tena upesi. Punguza chakula, otesha mayungiyungi mpaka yafunike karibu nusu ya uso wa maji, au funga taa ya UV (ya mwanga unaoua mwani) kwenye mkondo wa pampu.

Mambo yakiharibika

*Samaki wanatweta juu ya maji.* Pima amonia na nitriti kwanza. Zikiwa sifuri, ni hewa. Maji ya nyuzi 20 hubeba hadi miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Bwawani hali huwa mbaya zaidi alfajiri, kwa sababu mimea na mwani hutoa oksijeni mchana lakini usiku nao huitumia. Ukikuta koi wamepanga midomo juu asubuhi na saa nne wako sawa, umeshapata jibu: pampu ya hewa ifanye kazi usiku.

*Vidoa vyeupe.* Ni vidogo, vimesambaa mwilini na kwenye mapezi mithili ya punje za chumvi, na samaki anajikwaruza. Hicho ni kimelea kinachojichimbia chini ya ngozi, na kikiwa humo dawa haikifikii. Hukomaa, huanguka chini, hugawanyika, na watoto wake huogelea kutafuta samaki. Hapo tu ndipo kinapouawa. Kwa samaki wa maji ya vuguvugu, pandisha joto polepole hadi nyuzi 30 ili mzunguko uende haraka, ongeza hewa, na tia chumvi gramu 2 kwa lita, ikiyeyushwa na kugawanywa mara tatu ndani ya siku mbili. Mimea na baadhi ya kambare hawapendi chumvi. Ukitumia dawa ya dukani, toa mkaa kwenye chujio, maana huinyonya. Na yenye shaba huua konokono na kamba. Vidoa vitatoweka baada ya siku chache. Endelea hadi siku 14, kwa sababu walio chini hawaonekani.

*Mapezi yanayoliwa kutoka pembeni, yakiwa na ukingo mweupe.* Pima maji. Badilisha nusu leo, robo kesho kutwa. Mara nyingi yanaota upya bila dawa.

*Umeme umekatika.* Acha kulisha. Pampu ndogo ya betri ni bora. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu kila baada ya muda. Chujio la kopo lililofungwa likikaa saa nyingi bila mkondo, bakteria hufa humo na maji yake huharibika. Usiliwashe kabla ya kuyamwaga na kusuuza sponji.

*Gapi wamekuwa wengi mno.* Wape wafugaji wenzako au urudishe dukani. Usiwaachie mtoni wala ziwani, na hivyohivyo kwa pleko aliyelizidi tangi na mimea ya bwawa. Gugu maji asili yake ni Amerika Kusini, na lilisafirishwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake. Ukipunguza mimea ya bwawa, iache ukingoni usiku mmoja ili konokono na wadudu warudi majini, kisha ianike juani mpaka ikauke kabisa ndipo uitie kwenye shimo la mboji.